Tumbo Iko Safi

Vijana wangu wa idara ya lishe, mmeniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau, na najua mlichotaka. Mlitaka hekima. Hekima sina nyingi. Nilikuwa nayo kidogo nikaimaliza kwenye mikutano. Nilicho nacho ni aibu kadhaa nilizozihifadhi vizuri, na moja kubwa iliyokaribia kumuua mtu. Hiyo nitaiandika yote, kwa sababu nimesikia baadhi yenu mnaihadithia pale kantini na mmeongeza fisi. Hakukuwa na fisi. Kulikuwa na mbuzi.

Nilifika Kajiado nikiwa msichana wa Nyeri mwenye cheti kipya, sweta mbili na Kiswahili cha shuleni. Asubuhi ya kwanza kazini, mama mmoja mwenye shanga hadi kifuani alinisimamisha langoni akasema, "Takwenya." Mlinzi akaninong'oneza kwamba kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, mwanamke akisalimiwa hivyo hujibu "Iko." Nikajibu iko, kisha nikabaki nimesimama pale nikisubiri niambiwe iko wapi. Yule mama alinitazama kwa huruma, akaenda zake. Hapo ndipo kazi yangu ya kutoelewa watu ilipoanza, na nikiangalia nyuma naona niliifanya kwa bidii.

Aliyenipokea alikuwa Salome, afisa wa lishe wa zamani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na uvumilivu usioisha. Alinifundisha kupima watoto kwa mizani ya kuning'iniza, ile ambayo mtoto huvishwa kaptura ya kitambaa halafu anatundikwa kwenye ndoano akipiga kelele za kuitisha ukoo mzima. Alinifundisha kuvuta mkanda wa kupimia mkono bila kuubana. Na alinipa sheria moja. "Usimwulize mtu anakula nini," aliniambia. "Ukimwuliza hivyo atakujibu kama yuko kwa mtihani. Mwulize jana alikula nini, kuanzia asubuhi, na umwache akwambie hicho kitu kilitoka wapi." Niliiandika sheria hiyo, nikaifundisha kwa wanafunzi, nikaitungia hata wimbo mfupi. Mtaona jinsi ilivyonisaidia.

Tulikuwa pia na sanduku la vyakula vya plastiki vya kufundishia: yai, nyanya, samaki, paja la kuku na sukuma wiki ya kijani kali isiyopatikana katika shamba lolote duniani. Bibi mmoja wa Illasit aliishika ile sukuma, akainusa, akaniuliza kama ndivyo wanavyokula watu wa serikali. Paja la kuku liliibwa. Namshuku chifu mmoja hadi leo, lakini amestaafu kama mimi, basi tumwache.

Baadaye nilihamia Kitengela, kwenye hospitali ambayo sitaitaja kwa sababu wengi wenu bado mnapata mshahara pale. Ilipofungua kliniki ya kansa, walinipa meza karibu na mlango, mahali upepo unapoingia na vumbi la barabara ya Namanga. Nilipenda kazi ile. Nilijifunza kwamba mgonjwa wa kemo mwenye vidonda mdomoni atameza uji wa wimbi uliopoa wakati hataki hata kuona nyama. Nilijifunza kusema "chemsha maziwa" kwa njia nyingi sana, kwa sababu huku kwetu kumwambia mtu asinywe maziwa ya kibuyu yasiyochemshwa wakati damu yake haina nguvu ya kupigana na vijidudu ni sawa na kumwambia asisalimie wazee. Na mboga! Nilihubiri mboga mpaka mkaanza kuniita Madam Mboga. Mama mboga wa pale langoni, mwenye kibanda halisi na mboga halisi, alilalamika kwamba nimemchukulia cheo.

Halafu zikaja dawa za kinga. Wengi wenu mmezikuta zikiwepo, lakini sisi tulizipokea kama wageni wa kutoka ng'ambo. Dk. Mutiso, daktari wetu wa kansa, alitukusanya akatueleza kwa lugha rahisi. Kemo hupiga seli za kansa yenyewe. Dawa ya kinga hufanya kitu kingine: huwafungua askari wa mwili wako ambao kansa ilikuwa imewafunga mikono, ili waende wakapigane. Kwa aina moja ngumu ya kansa ya matiti, ile isiyosikia dawa za homoni, dawa hizi hutolewa pamoja na kemo kabla ya upasuaji. Ubaya wake ni kwamba askari waliofunguliwa hivyo huweza kugeukia watu wasio na makosa: ngozi, mapafu, maini, na mara nyingi utumbo. "Mgonjwa wa dawa hii akianza kuendesha tumbo," alisema Dk. Mutiso, "msifikirie alikula nini. Nipigieni simu." Nilitikisa kichwa kwa nguvu kuliko wote.

Muda si mrefu nikapelekwa semina Nairobi kuhusu chakula na dawa hizo. Msemaji alieleza vizuri sana. Tumboni tunaishi na bakteria wa aina nyingi, na inaonekana wagonjwa wenye bakteria wazuri wa aina mbalimbali wakati mwingine huitikia dawa za kinga vyema zaidi. Bakteria hao hupenda nyuzinyuzi za mboga, maharagwe na nafaka zisizokobolewa. Akaonya tusiwauzie watu vidonge vya bakteria vya dukani, maana hakuna aliyethibitisha vinasaidia, na huenda vikaharibu. Mwisho akasema kwamba mengi ya hayo yalionekana kwa kansa ya ngozi, na kwa kansa ya matiti utafiti bado ni mchanga, tusiahidi watu chochote. Hiyo sentensi ya mwisho niliisikia, sikatai. Ila wakati huo nilikuwa nafunga begi, na kichwani nilishaanza kupanga hotuba yangu mwenyewe.

Nilirudi Kitengela kama nabii. Neno la kitabu ni nyuzinyuzi, na nilipolitumia mara ya kwanza mama mmoja aliniuliza kama ni zile za sweta. Nikaona nitafute njia nyingine. Nikasimama mbele ya wagonjwa waliokuwa wakingoja, nikasema: "Ndani ya tumbo lako kuna mifugo midogo, huwezi kuiona kwa macho. Ukiipa malisho mazuri, inawapa nguvu askari wa mwili. Ukiinyima malisho, inakufa." Nawaambia, benchi zima liliamka. Watu wa Kajiado hawahitaji kueleweshwa mifugo na malisho.

Mwanamke mmoja kwenye benchi la mbele akainua mkono. Alikuwa Nashipae, mama wa watoto wanne kutoka nyuma ya mashamba ya maua ya Isinya. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kemo na dawa ya kinga pamoja, kwa ile kansa ngumu niliyoitaja. Alikuwa anaimba kwaya kanisani kwao, na hata akiuliza swali alikuwa kama anaanzisha pambio.

"Sasa hiyo mifugo ya tumbo inakula nini, Madam?"

"Mboga!" nikasema. "Mboga kila siku. Mboga inasafisha tumbo, na tumbo ikiwa safi, dawa inafanya kazi."

Uso wake ukang'aa. "Mboga? Basi yangu imeshiba. Sisi mboga tunakula kila siku."

Nilimfanya asimame wenzake wampigie makofi. Naam, nilifanya hivyo.

Kuanzia hapo Nashipae akawa mwanafunzi wangu bora. Kila akija kuwekewa dawa nilimwuliza, "Mboga unakula?" naye anajibu, "Kila siku, Madam." Namwuliza, "Na tumbo iko aje?" anajibu, "Tumbo iko safi." Muuguzi akimwuliza kama ana shida yoyote ya tumbo, jibu ni lile lile: "Hakuna shida, iko safi kabisa." Sote tuliandika safi. Uvimbe titini ukaanza kupungua, Dk. Mutiso akaupapasa na kutabasamu, jambo ambalo hulifanya kwa nadra. Mimi pale mezani kwangu karibu na mlango nikaanza kujisikia kwamba ile kazi ya kuupunguza tuligawana, dawa na mimi.

Nikaamua niandae hotuba kwa ajili ya mkutano wa wataalamu wa lishe. Hotuba inataka picha. Picha niliyoitaka ilikuwa ya Nashipae na mimi tumesimama katikati ya shamba lake la mboga, mimi nimeshika jani pana la sukuma na kuangalia mbali. Nikamwomba nimtembelee nyumbani, akafurahi. Siku ile nilivaa gauni langu la harusi za watu na nikaazima kamera nzuri.

Boma lao ni nyumba ya mabati na nyingine ya zamani kando yake, na zizi la miiba. Mvua ilikuwa imechelewa na mumewe alikuwa amehamisha ng'ombe mbali kutafuta nyasi. Nashipae alitoka kunipokea pamoja na mama mkwe wake, bibi mrefu ambaye wote pale walimwita Koko. Tulisalimiana, na safari hii "iko" yangu ilitoka sawa. Nikaangaza macho kutafuta rangi ya kijani. Hakukuwa na kijani hata ya kupaka.

"Nashipae mama," nikasema, "hebu twende kwa shamba tupige picha kabla jua iwe kali."

"Shamba gani?"

"Pale mboga ziko."

Akanyoosha mkono kuelekea zizini, ambako mbuzi wachache walikuwa wamelala kivulini. "Mboga ndio wale," akasema. "Lakini yule mweupe usimpige picha sana, ni wa Krismasi."

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka.

"Zile za majani je? Sukuma, kunde, managu?"

"Ah, majani!" Sasa ndiyo akacheka. "Madam, majani ni ya ng'ombe. Wewe ulisema mboga. Ugali na mboga. Mboga ni nyama, kama hakuna nyama ni maziwa."

Jamani. Nimeishi Kenya maisha yangu yote. Nyumbani kwangu mwenyewe tunaulizana "leo mboga ni nini?" na mtu anajibu "ni matumbo," na hakuna anayeshtuka. Lakini pale kliniki nikiwa na koti jeupe nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mboga ni chochote kinachoteremsha ugali. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemsifu mwanamke huyu kwa kula mbuzi. Hotuba yangu ikafa pale pale zizini.

Laiti aibu ingeishia hapo. Tuliingia ndani tukapewa chai, na nilikuwa nachunguza shanga zilizotundikwa ukutani ili nisitazamane na mtu, Nashipae alipoinuka akatoka. Akarudi. Tukaongea kidogo, akatoka tena. Aliporudi mara hiyo alikuwa ameshika ukuta. Alipopokea kikombe, bangili zake za shanga, zile zilizokuwa zimembana mkono siku ya kwanza, ziliteleza zote mpaka kwenye kiwiko. Mimi niliyelipwa miaka yote kupima mikono ya watu nilikuwa sijaona.

"Unaenda wapi kila saa?" nikamwuliza.

"Choo. Tumbo inajisafisha."

"Inajisafisha aje?"

"Kuendesha, Madam. Kama maji."

Koko akaingilia. "Nilimpikia supu ya mizizi. Ile yetu ya kusafisha. Alisema nyinyi mnataka tumbo safi."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nimepata wa kulaumu. Nikakaa vizuri kwenye kiti na kuanza somo langu kuhusu mizizi, namna isivyochanganyika na dawa za hospitali, na uji mwepesi, na ndizi, na maji yenye chumvi na sukari. Nilikuwa nimefika mbali sana Koko aliponikatiza.

"Mizizi iliisha kitambo. Mwezi huu sijapika hiyo supu."

Na Nashipae, kwa fahari, kwa sauti ile ile ya kwaya, akasema, "Hata bila mizizi, Madam! Hiyo dawa yenu inashinda ya Koko. Inasafisha mchana, inasafisha usiku. Juzi ilitoa mpaka damu chafu."

Niliweka kikombe chini. Nilimwona Dk. Mutiso amesimama mbele yetu akisema msifikirie alikula nini, nipigieni simu, nikajiona mimi nikitikisa kichwa. Huu haukuwa mchezo wa supu. Askari walikuwa wamegeuka, walikuwa wanamla utumbo, na yeye alikuwa akishangilia kila siku kwa sababu Madam Mboga alimwambia tumbo safi ndiyo dawa inataka.

Nilitoka nje nikapiga simu. Daktari hakunigombeza, jambo lililonitisha zaidi. "Mlete sasa hivi," alisema. "Usimpe kitu cha kufunga tumbo. Na usingoje kesho."

Nashipae alikataa. Alipoelewa kwamba ile kuendesha ni madhara ya dawa, fahari yote ilimtoka usoni, na nyuma yake nikaona woga wa muda mrefu. "Wakijua, watanitoa kwa dawa," akasema. "Uvimbe imepungua. Wewe mwenyewe umeona. Wakinitoa, itarudi. Mtoto yangu ya mwisho hajajua hata kufunga kamba ya kiatu, Madam. Siendi. Hii kuendesha nitavumilia."

Nilimwambia atakufa. Akaniambia hata nisipomwambia anajua. Nikamshika mkono akautoa. Koko akaniambia polepole, "Hiyo neno ya safi ulileta wewe. Toa wewe."

Sikuwa na mkanda wala mizani wala yai la plastiki. Nikakaa chini karibu naye, gauni la harusi na yote. "Nashipae," nikasema, "unakumbuka mifugo ya tumbo na askari? Hao askari tuliwafungua wapigane na kansa. Sasa wameingia ndani ya boma. Wanachinja ng'ombe zako mwenyewe. Ile damu si chafu. Ni damu yako."

Halafu akasema, kama anajiambia mwenyewe, "Moran wamekosa adui, wanapiga watu ya nyumbani."

"Ndiyo hiyo. Na kama boma ikiisha, hata wakishinda vita watarudi wapi?"

Akaangalia watoto waliokuwa nje wakicheza na kamera yangu ya kuazima. Akamwambia Koko maneno kwa Kimaa ambayo sikuyaelewa, na Koko akaenda kumletea leso ya kujifunga na viatu.

Njia nzima hadi Kitengela tuliendesha wote wawili, mimi gari, yeye tumbo. Tulisimama kando ya barabara mara nyingi. Kwa vile miti ya huko haifichi hata kuku, nilikuwa nasimama mbele yake nimetandaza leso kama pazia huku malori ya Namanga yakipiga honi na dereva mmoja akitupungia mkono. "Madam," Nashipae akasema kutoka nyuma ya leso, kwa sauti iliyochoka, "hii ndio picha ulikuwa unataka?" Nilicheka huku nalia. Tuliporudi ndani ya gari aliweka kichwa dirishani na hakuongea tena, na nilikuwa nikimwita jina kila mara kuhakikisha anajibu.

Walimlaza. Dk. Mutiso alisimamisha dawa ya kinga, akampa steroidi kwa mshipa ili kuwatuliza askari. Kisha akanigeukia mimi kuhusu chakula. Utumbo wake ulikuwa umechubuka, alihitaji vitu laini visivyokwaruza: wali mweupe, viazi vilivyopondwa, mchuzi, uji uliochujwa. Kwa hiyo mimi, Madam Mboga, nilisimama kitandani pake na kuwaagiza watu wa jikoni kwa kinywa changu kwamba mgonjwa huyu asipewe mboga. Nashipae akafungua jicho moja. "Mboga gani?" akauliza. Ndipo nikajua ana nafuu kidogo.

Lakini nafuu ilikwenda na kurudi. Kulikuwa na siku ambazo niliogopa kuingia wodini. Niliogopa, naandika wazi, kwa sababu nyinyi vijana mnadhani sisi wazee tulikuwa hatuogopi. Nilikuwa napita kwanza kwa muuguzi kuuliza, halafu ndiyo naingia na uso wa kazi. Koko alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki, ameshika kibuyu kitupu alichokuja nacho kwa mazoea, kwa kuwa nilimkataza kukijaza.

Tumbo likatulia hatimaye. Hata hivyo dawa ya kinga hakurudishiwa. Madhara yalikuwa makubwa mno. Alimaliza kemo bila hiyo, na kipindi chote hicho alininunia. Alikaa kwenye benchi la nyuma. Nikimwuliza hali yake anamjibu muuguzi. Nilimwelewa. Machoni pake mimi ndiye niliyemfikisha kwa daktari na mimi ndiye niliyemnyang'anya dawa, na kama uvimbe ungerudi, ningekuwa mimi pia. Nilikuwa nawaza hivyo hivyo nikiosha vyombo nyumbani.

Alifanyiwa upasuaji. Siku majibu ya maabara yalipokuja, Dk. Mutiso alikuja mwenyewe mpaka kwenye meza yangu, upepo na vumbi, akasimama. Katika ile nyama yote waliyotoa hawakuona seli hai ya kansa. Akaongeza, "Ile hotuba yako ya mboga sasa inaweza kuendelea."

"Tukiandika ukweli," nikamwambia, "itakuwa hotuba ya mbuzi."

Alicheka, na nilifurahi kumwona anacheka, lakini tuliongea sana siku ile. Huenda dawa ilikuwa imemaliza kazi yake kabla ya kusimamishwa. Huenda kemo ndiyo. Huenda ni mwili wake tu. Mwanamke mmoja aliyepona hawezi kutuambia chakula kilifanya nini, awe amekula sukuma au mbuzi mzima na kwato. Labda siku moja mtajua, nyinyi au watakaowafuata, na natamani iwe hivyo. Mpaka wakati huo endeleeni kuwahimiza watu wale maharagwe na kunde na wimbi kwa sababu ni chakula kizuri, si kwa sababu mmewaahidi kitu. Na mtu akiwaonyesha chupa ya bakteria aliyouziwa na jirani, mpelekeni kwa daktari kabla hajameza.

Kuhusu mboga, nilinunua fungu halisi la sukuma na la managu kwa mama mboga wa langoni, nikawa nayashika mkononi ninapoongea. Ile sukuma ya plastiki niliitupa. Kuhusu tumbo, nililifukuza neno safi pale mezani kwangu. Nikarudi kwa sheria ya Salome: jana ulikula nini, kilitoka wapi, na jana ulienda choo mara ngapi, ilikuwa aje. Wagonjwa waliona haya, mimi sikuona. Nilikuwa nimeshamaliza haya yangu yote kando ya barabara ya Namanga.

Mlinifanyia sherehe ya kuniaga, na nawashukuru, ingawa hema lilivuja na mwenyekiti wa bodi alinisifu kwa mambo aliyofanya mtu mwingine. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilichofunikwa satini, askofu kulia kwangu na sahani ya keki, nilipoona watu wanapisha njia. Alikuwa Koko, amebeba kitu cha kijani kifuani, na nyuma yake Nashipae anavuta mbuzi mweupe kwa kamba. Sikuwa nimemwona kwa muda mrefu. Alikuwa amenenepa. Bangili zilikuwa zimembana mkono, niliziangalia kwanza kabla ya uso.

Aliniwekea kamba ya mbuzi kwenye mkono mmoja, na Koko akanipa fungu la sukuma kwenye mwingine. "Mboga," Nashipae akasema. "Zote mbili, usichanganyikiwe. Hii ya majani ni ya shamba yangu."

Mshereheshaji alimpa maikrofoni atoe neno. Yeye akaishika tu, ananiangalia. Nami nilikuwa nimejaa machozi, nikasema kile nilichozoea kusema.

"Nashipae mama. Tumbo iko aje?"

Alifungua mdomo, nikaona neno linakuja na nikaona anaenda kulisema, kisha akalimeza. Akamtazama askofu, akatazama ile keki, akanyoosha mgongo kama mtu anayeanza kuimba.

"Jana asubuhi mara moja, Madam," akasema, na spika zikaipeleka mpaka barabarani. "Imeshikana vizuri. Rangi ni ya kawaida. Damu hakuna."

Askofu aliweka sahani chini. Mimi nilisimama na mbuzi wangu na sukuma yangu, nikashindwa kupiga makofi kwa vile mikono ilikuwa imejaa, nikalia mbele ya watu wote, na Koko ndiye aliyenipigia.